Bi Onja, Aliyeyatambua Maji Ndani ya Bia

Tarehe 12 Juni 1984 bomba kuu la maji la upande wa kaskazini wa mji lilifungwa kutwa nzima. Kumbukumbu za mamlaka ya maji zinataja sababu kwa mstari mmoja: "Mfanyakazi wa maabara ameonja." Mashine za kupimia zilikuwa hazijaona kitu. Mafundi walipochimba walikuta mpira wa kiungo cha bomba umeoza. Mfanyakazi huyo alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na tangu siku hiyo hadi leo tunapomzika aliitwa Bi Onja.

Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1959, mtoto wa pili kati ya wawili, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya posta. Baba yake alikuwa mchambuaji wa barua, mama yake mshonaji. Dada yake mkubwa anakumbuka kwamba baba alipovua koti jioni, mdogo wake alizamisha uso kwenye mkono wa koti lile na kutangaza, "Leo umeshika barua za mbali." Akiulizwa amejuaje, alijibu kuwa zinanuka usingizi. Baba alicheka, lakini siku moja aliamua kuhakikisha. Kweli, gunia la ng'ambo lilikuwa limefika asubuhi ile.

Alisoma shule ya msingi iliyo hatua chache kutoka posta, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, alikokuwa tishio la jikoni. Akiwa bado kitandani, kabla ya kengele, aliweza kuwaambia wenzake kwamba chai ya leo imechemshiwa kwenye sufuria ya vitunguu. Wapishi walimwomba mwalimu wa zamu amhamishie bweni la mbali, naye akahamishwa. Mwaka 1981 alitunukiwa stashahada ya ufundi wa maabara, na Februari 1982 akaajiriwa na mamlaka ya maji, alikofanya kazi hadi alipostaafu Novemba 2014.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cheupe, chenye dirisha moja, sinki, na glasi zilizopangwa kifudifudi juu ya kitambaa. Hapakuingia manukato wala sabuni ya maua. Kila asubuhi yalikuja maji kutoka pande zote za mji, kila moja ndani ya chupa yake, naye aliyapasha joto kidogo, akafumba macho, akavuta hewa. Waliomwona akifanya hivyo wanasema alikuwa kama mtu anayekumbuka ndoto aliyoiota jana. Watu walipomwambia kuwa maji hayana ladha, alijibu, "Yana adabu tu. Hayasemi mpaka uyaulize."

Mume wake, fundi viatu, alimpata kwa njia ya kiatu. Mwaka 1985 Bi Onja alipeleka kiatu kimoja kibandikwe soli, akarudi kukichukua jioni. Alikiinua, akakisogeza puani, akakirudisha mezani.

"Fundi, gundi bado."

"Imekauka, dada yangu. Iguse."

"Sikusema kuigusa. Nimesema bado."

Fundi alikuwa na miaka saba katika kazi hiyo na hakuwahi kufundishwa na mteja. Alikiacha kiatu kwenye rafu ili amwonyeshe kesho yake. Kesho yake soli ilikuwa imeteleza upande kwa upana wa kidole. Siku ya tatu mteja alikichukua kikiwa kizima, na tarehe 30 Agosti 1986 walifunga ndoa. Walijaliwa binti na mwana.

Kabla ya ndoa fundi alimweleza jambo moja. Baba yake mzazi alikufa kwa pombe, na mama yake, akiwa kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, alimwomba aahidi kwamba kileo hakitapita mdomoni mwake. Aliahidi. Bi Onja alimjibu kuwa kwake hilo halina uzito, kwani yeye mwenyewe hanywi chochote isipokuwa maji na chai. Wakati huo ilikuwa kweli.

Mwaka 2003 mwanamke mmoja aliyekuwa mwokaji mikate alifungua kiwanda kidogo cha bia katika gereji ya zamani, akaja maabara kuuliza maji ya mji huu yana nini ndani yake. Bi Onja alimweleza: chokaa kiasi gani, chumvi kiasi gani, na bomba lipi la kuepuka. Miezi miwili baadaye yule mpika bia alirudi na chupa moja ya shukrani. Ilimiminwa katika glasi ya maabara, ikasimama dirishani, rangi ya asali, povu likishuka taratibu kama pazia. Bi Onja alinusa. Alionja kiasi cha kijiko. Akanusa tena, akaonja tena, hata mgeni akadhani amemkosea.

"Haya ni maji yangu," alisema hatimaye. "Kumbe nayo huota."

Hivyo ndivyo alivyoanza. Ijumaa baada ya kazi alikwenda kwenye baa ya pembeni, iliyokuwa zamani duka la kupiga chapa, yenye mabomba manane ya bia za viwanda vidogo na viti virefu vya mbao. Aliagiza glasi nne ndogo na kuzipanga kuanzia nyeupe hadi nyeusi: ya ngano, ya shayiri, ile chungu yenye maua mengi ya hopsi, na mwisho ile ya kimea kilichokaangwa hadi kikanukia kama kahawa. Katika kila glasi aliacha funda moja la mwisho mpaka lipate joto. Mhudumu aliponyoosha mkono, "Mama, nikuondolee hii?" alizuiwa. "Ukiondoa hiyo, kijana, umeondoa mazungumzo. Bia baridi ni mgeni wa siku ya kwanza. Ngoja ya tatu uone tabia yake."

Dada yake mkubwa, mzee wa kanisa, hakupendezwa. "Mdogo wangu, katika vinywaji vyote alivyoumba Mungu, umeona hicho?"

"Dada, Mungu aliumba maji. Vingine vyote ni watu wanajaribu."

Mume wake hakumkataza. Alimwomba kitu kimoja tu: siku atakapoanza kunywa bila kuonja, amwambie.

"Sitajijua," alisema Bi Onja. "Njoo unitazame wewe."

Akaenda. Ijumaa za mwanzo alikaa pale kama mlinzi, soda mkononi, akihesabu mafunda ya mkewe. Baada ya muda alisahau kuhesabu. Wateja walimwita Mzee Soda, na alipochelewa mhudumu alikuwa ameshaiweka soda yake mezani. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyemwona Bi Onja amelewa, na Mzee Soda ndiye shahidi.

Kuanzia 2006 alikuwa miongoni mwa waonjaji wa tamasha la bia linalofanyika kila Agosti kwenye uwanja wa michezo, na kuanzia 2011 aliongoza meza yao. Alileta sheria moja kutoka maabara: hakuna kusema neno mpaka kila pua imemaliza. Waliofika hemani mwake saa kumi alasiri wanaikumbuka hali ile. Nje ni ngoma, vicheko, vumbi la uwanja. Ndani watu saba wamefumba macho, na jua linapita katika glasi na kumwaga juu ya kitambaa cheupe madoa ya rangi ya majani makavu, ya chai, ya mbao nzito. Madoa yanasogea polepole mezani. Hakuna anayesema. Mtu akiingia pale alijikuta anavua kofia.

Mzee Soda hakuruhusiwa kusogea. Vidole vyake vilinuka gundi na rangi ya viatu, na waonjaji walimfukuza kwa heshima zote. "Shemeji, tafadhali, kaa kule upepo unakoelekea." Alibeba kiti chake, akaweka kofia usoni na kulala mpaka meza ifungwe. Walisafiri hivyo kwenye matamasha ya miji mingine kwa treni, mkewe dirishani, yeye na kikapu cha biskuti zisizo na chumvi na chupa za maji ya kusafishia ulimi.

Februari 2022 aligunduliwa uvimbe tumboni. Matibabu yalimpa muda, lakini yalimpokonya harufu. Aligundua asubuhi moja maziwa yalipoungua jikoni akiwa amesimama kando ya jiko, na mumewe akaja mbio kutoka chumba cha nyuma. Bi Onja alilizima jiko, akaitazama sufuria, akasema, "Basi." Agosti mwaka huo, kabla ya glasi ya kwanza, alisimama mbele ya meza yake: "Leo mimi ni mtazamaji. Pua imeniaga na haikusema inarudi lini." Akatoka nje na kubeba kiti hadi upepo unakoelekea, akakaa karibu na mumewe. Wapo waliolia. Yeye aliuliza kama kuna biskuti.

Januari mwaka huu, 2024, mpika bia alijaza pipa moja la mbao kwa bia nyeusi na nzito, akaliandika kwa chaki jina la Bi Onja. Alitaka iwe tayari kwa tamasha. Bi Onja alikubali kwa sharti kwamba haitatoka mpaka yeye mwenyewe aseme, maana asingependa jina lake litembee mjini likiwa bichi. Mpika bia alilichukua sharti hilo kama kiapo: asiposema, pipa lingemwagwa. Lakini ulimi peke yake ulimwambia Bi Onja chungu, tamu, chachu, na basi. Alisema ni sawa na kukijua kitabu kwa kuhesabu kurasa.

Machi, chupa ya kwanza ilipoletwa kitandani, alimgeukia mumewe.

"Baba, ninusie."

"Niliahidi, Mama. Unajua."

"Uliahidi mdomo. Pua haikuapa."

Mzee Soda alisimama na glasi kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa jirani. Mara ya mwisho harufu ile kumkaribia uso hivyo, alikuwa anamvua baba yake viatu. Alinusa. Akasema inanuka bia.

"Asante sana," alisema mkewe. "Na kiatu kinanuka kiatu?"

Hapo alimwelewa. Lugha aliyokuwa nayo ni ya dukani kwake, na ndiyo aliyokuwa akiombwa. Lakini siku ile hakuweza tena. Aliirudisha glasi na kwenda kusimama uani.

Alijaribu tena Jumapili tarehe 5 Mei, alasiri, dirisha likiwa wazi na mashuka yakipepea kwenye kamba. Mpika bia alikuja na chupa ya pili. Dada mkubwa, aliyekuwa ametoka ibadani moja kwa moja, alikabidhiwa glasi aipashe joto viganjani, kwa kuwa mikono ya mgonjwa ilikuwa baridi. Akaipasha, ameishika kama kikombe cha ushirika.

"Nikikosea?" aliuliza Mzee Soda.

"Ukikosea utakuwa mwonjaji kamili."

"Nusa, shemeji," alisema dada. "Kunusa si dhambi. Mimi hapa nanusa tangu saa ile."

Alifumba macho. Chumba kizima kilinyamaza, kwa sheria ile ile ya hemani.

"Kuna ngozi," alisema. "Mpya. Haijawahi kuvaliwa."

"Vizuri. Chini yake?"

"Mbao. Kabati la zamani, mtu kafungua mlango. Kuna zabibu kavu zimesahaulika humo ndani."

"Na juu?"

Alisogeza pua karibu zaidi. "Gundi."

Mpika bia aliinamisha kichwa. Anaijua harufu hiyo: ni ukali wa kileo ambacho hakijatulia.

Bi Onja alifungua macho akamtazama mumewe. "Imekauka?"

Mzee Soda alinusa tena, taratibu, bila haraka wala hofu.

"Bado," alisema.

Bi Onja alicheka mpaka dada yake akamshika bega. Alicheka kama msichana aliyerudisha kiatu mezani. Kisha akamwambia mpika bia, "Umesikia. Wiki saba. Atakuja yeye."

"Na wewe, dada?" aliuliza mpika bia.

"Mimi nimeshasema. Bado. Neno la mwisho nimempa yeye."

Aliaga dunia Jumamosi tarehe 11 Mei 2024, saa moja asubuhi, nyumbani, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Mumewe anasema kwamba kabla ya hapo alivuta pumzi moja ndefu kwa pua, macho yamefumbwa, kama alivyofanya kazini kila siku. Kama alipata chochote hatujui. Hakusema, na meza haikuwa imefungwa.

Ameacha mume, binti na mwana, wajukuu watatu, dada yake mkubwa, wenzake wa maabara na wa mezani, na mpika bia, ambaye familia inamhesabu kuwa ndugu.

Mungu amjalie mapumziko matulivu.

Pipa litafunguliwa Jumamosi tarehe 22 Juni, saa tisa alasiri, kwenye baa ya pembeni. Soda zitakuwepo. Mzee Soda atanusa kwanza, wengine wote watanyamaza. Akisema bado, litafungwa tena.