Mbavu Mwachieni Mbuzi

Sogeeni, wanangu, na mlango muuache wazi hivyo hivyo. Leo naongea nikiwa mwepesi, kama mtu aliyebeba paja la ng'ombe kutoka lango la kichinjio hadi barabarani na sasa amelitua, kwa hiyo mkiniona na machozi msidhani ni huzuni. Asubuhi nilimsikia Kibe, pale nje karibu na tangi la maji, akimwuliza dada yake kama amekunywa chai. Tangu mwaka uanze sijasikia neno kama hilo katika boma hili. Daktari aliposema hakuna dawa nyingine nilikubali bila kubishana naye, lakini niliogopa kuondoka kabla ya hiyo chai. Milcah, mke wa mwanangu, mlaze mtoto hapa miguuni pangu, uandike ninayosema, na nikirudia neno uliache lirudiwe.

Ya nyumba ni mafupi. Hapa Dagoretti mgawane kama tulivyoelewana na marehemu mama yenu, vyumba vya mbele viwe vya Kibe na vya nyuma viwe vya Ciru, kisima kiwe cha wote, na mtu asihamishe ua hata kama jirani atamwambia mstari umepinda. Ninalotaka kulisema nikiwa bado na pumzi ni la jiko letu la kuchomea nyama kule Kenyatta Market.

Jiko lile nililipokea kwa Mzee Kitavi, na kabla hajanipa chuma alinipa kopo la vijiti. Nyie mnajua, lakini mtoto huyu hajui, na yeye ndiye atakayesomewa. Mteja akija anachagua kipande chake kikiwa kimening'inia, kinapimwa mbele ya macho yake, kisha kinalazwa motoni pamoja na vipande vya watu wengine, na moshi ukishapita vyote vinafanana kama mapacha. Ndiyo sababu kila meza ina vijiti vyake. Meza ya mlangoni nyama yake huchomekwa kijiti kimoja, ya dirishani viwili, ya ukutani vitatu. Mtu anatafuna kile alichokichagua mwenyewe, wala si cha mwenzake. Kitavi aliniambia kazi yetu yote ni hiyo, mengine ni chumvi.

Ciru, mama, nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, kama ninavyomwita Kibe baba kwa sababu amebeba la baba yangu. Ulikuwa mdogo uliponifuata kichinjioni ukamlisha mbuzi mmoja majani, na baadaye ukamwona akiingizwa ndani. Tangu siku ile hukutia nyama mdomoni. Wenzangu walinicheka sana. "Mwaura, binti ya mchoma nyama hali nyama? Huyo atakufungia biashara." Mimi nilikuchomea mahindi na viazi vitamu kwenye kona ya jiko, upande wa kushoto, mahali moto ni mpole. Kwa hiyo Kibe, sikiliza vizuri, kona ile haikuombwa mwaka jana. Ilikuwa yake kabla hajajua kusoma.

Kisha Ciru akaenda kufanya kazi ya jikoni huko Kileleshwa, akarudi na ujuzi wake. Uyoga anaukanda na soya, anaupaka viungo, anaukata kwa umbo la mbavu, na ili mtu apate cha kushika anachomeka vijiti viwe mifupa. Akaziita mbavu. Watu wakaja, nami nikiwa bado nakaa pale kwenye kiti changu nikiwatazama. Oloo, rafiki yangu ambaye vidole vya miguu vimemvimba kwa ugonjwa wa nyama, alikuja akasema, "Daktari amenikataza nyama, hakunikataza kukaa na watu. Nileteeni hizo mbavu za uongo." Akala, akanigeukia, "Mwaura, huyu mbuzi alikuwa mlokole? Hana hata mafuta kidogo." Lakini kesho yake alirudi, na alikaa na wenzake kama zamani, akinawa mikono kwa birika lile lile. Hilo nililiona nami nikalipenda, maana mtu akikatazwa chakula huwa anakatazwa hata meza yake.

Kibe hakupenda. "Huo ni uyoga umevaa shati ya mbuzi," alisema. "Na wewe ni mbuzi umevaa aproni," dada yake akamjibu. Wakati huo mlikuwa mnacheka.

Halafu ikaja ile Jumapili. Jiko limejaa, moshi umejaa, mama mmoja wa Kileleshwa, mteja wa Ciru, ambaye kwa imani yake hajala nyama tangu ujana, ameketi dirishani akingoja mbavu za uyoga. Ukutani wamekaa wanaume wa mbuzi. Kibe akachukua mbavu zenye vijiti vitatu akawakatia wanaume wa ukutani, akachukua zilizobaki akampelekea yule mama. Wanaume wakala uyoga wakaomba waongezewe. Yule mama aliuma mara moja tu, jino lake likagonga mfupa wa kweli. Alikaa na mkono mdomoni kama mtu aliyepewa habari ya msiba.

Ciru akasema umefanya makusudi. Kibe akasema toa uchafu wako kwenye jiko la baba. Hayo maneno mawili yamekaa kitandani pamoja nami miezi yote hii, moja kila upande. Na ngurario ya Ciru, sherehe yetu ya ndoa, ilipopangwa, Kibe akasema hatachoma mbuzi wa sherehe ya mtu aliyemwita mwovu mbele ya wateja. Nyie mliona ni ugomvi wa chakula. Mimi niliona watoto wangu wakinizika huku wamesimama pande mbili za shimo.

Ndiyo maana jana niliagiza kopo la vijiti liletwe, nikalimwaga juu ya blanketi, nikawaita wote wawili bila kumwambia yeyote kwamba mwingine anakuja. Nikawauliza, meza ya ukutani ni vijiti vingapi? Vitatu. Ciru, ubavu wako una vijiti vingapi vya mfupa? Vitatu. Na hivyo vijiti ulivitoa wapi? Ukatazama kopo. Ulikuwa ukiviona tangu utoto, na ulipotaka mfupa mkono wako ukaenda pale pale ulipozoea. Naye Kibe akaona vijiti vitatu, na kwenye mbavu za mbuzi viwili tu kwa kuwa kimoja kilikuwa kimeungua, akafanya kama nilivyomfundisha. Hakuna mwovu. Kibe ndiye aliyeanza kucheka, nami nikacheka hadi Milcah akaja mbio na kikombe cha maji.

Sasa pokeeni uamuzi wangu. Ciru, uliniambia siku moja ukitetea jina la mbavu, "Baba, mimi nina jina la cucu, mama yako, na sijamdanganya mtu." Neno hilo nimelilalia na kuliamkia. Ni kweli, jina si kosa, sisi tunawapa watoto majina ya waliotutangulia ili wasipotee. Lakini wewe hukuvaa mkufu wa mama yangu ukaenda kwa rafiki zake ukasema ndiwe yeye. Unaitwa Ciru wa Mwaura, na mtu akisikia anajua wewe ni nani na umetoka kwa nani. Chakula chako nacho kiitwe hivyo. Kuchoma ni kazi ya moto, na moto haujawahi kuuliza mahindi kama yalikuwa na damu, kwa hiyo choma ni jina la wote wanaolala juu ya jiko lile. Kiite choma ya uyoga, na mwita wateja akiwa mlangoni aseme uyoga kwa sauti ile ile anayosemea choma, asinong'one. Mbavu mwachieni mbuzi. Zilikuwa zake, na amezilipa. Ukate uyoga wako kwa umbo lolote unalopenda ila usiuwekee mifupa, na vijiti virudi kwenye kopo. Oloo atakuja tu. Alifuata watu, hakufuata umbo.

Jiko ni la Kibe, na kona ya kushoto ni ya Ciru, na hakuna anayeweza kuuza upande wake bila mwenzake kukubali. Chuma ni kimoja, hakikatwi.

Bado ngurario ya Jumamosi. Shangazi yenu ameuliza kama kiande cha ngurario kinaweza kutengenezwa kwa uyoga, kwa kuwa bibi harusi hali nyama. Mwambieni hapana, na mwambieni ni mimi nimesema, ili anikasirikie mimi ambaye siwezi tena kujibizana. Mkono ule wa mbuzi hukatwa mbele ya watu kwa sababu kisu lazima kitafute kiungo, na bwana harusi akikosa hutulia akatafuta tena. Uyoga hauna kiungo, unakatika popote. Bwana harusi wetu Muthama akate cha mbuzi, Kibe akichome, wazee wakile. Ciru, Muthama akulishe kipande cha nduma, kiitwe nduma, na mtakuwa mmeoana sawasawa.

Milcah, maji. Kidogo tu kwenye midomo.

Kibe, baba, nenda hapo nje, lile jiko dogo limeshika moto, nimelisikia. Weka uyoga wa dada yako. Ciru, kaa naye, umwonyeshe, asiunguze. Msiharakishe, mimi niko.

Mnanong'ona nini huko? Anakuambia umeweka chumvi nyingi. Sawa. Gombaneni hivyo hivyo, kwa chumvi.

Njooni sasa. Piga magoti hapa, baba, nawe mama, fungueni shati kifuani. Baba yangu alinitemea mate hapa akanibariki, nami nataka kuwatemea, ingawa mdomo umekauka. Muwe na moto usiozimika. Muwe na watu wa kukaa nao mezani. Anayekula hiki na anayekula kile wanawe maji ya birika moja. Mtoto wa Milcah akue, awaone mkiwa pamoja. Thaai, amani iwe nanyi. Semeni thaai. Kidogo hicho cha mate kinatosha.

Sahani iko wapi? Walioniuguza wamenipa soya wakisema ni nyama, na niliitikia ili wasiumie. Leo msinifanyie hivyo. Nipe kipande kidogo, Kibe, laini, na uniambie ni nini.

Sema kwa sauti.

Uyoga. Haya. Nimekujua, uyoga. Ongezeni kidogo.