Mwalimu Dira na Njia ya Pili

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia.

Mpendwa wetu, ambaye karibu kila mmoja aliyesimama hapa alimwita Mwalimu Dira, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, kifungua mimba wa fundi wa barabara na mshonaji wa nguo. Walizaliwa wawili tu, yeye na mdogo wake wa kike anayesoma maneno haya. Baba yao alikuwa na desturi ya kurudi kutoka kazini na michoro ya barabara iliyokwisha kazi, ili mama aikate vipimo vya kushonea. Siku moja, akiwa na miaka sita, mtoto alitandaza mchoro sakafuni akauliza, "Baba, sisi tuko wapi hapa?" Baba akainama, akatafuta kwa kidole, akasema, "Hatupo, mwanangu. Waliochora hawakufika kwetu." Mtoto akachukua mkaa akaichora nyumba yao pembeni mwa karatasi. Mkaa uliobaki uliishia kwenye gauni la harusi la mteja. Alichapwa, akalia, lakini hakuomba radhi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari hadi 1975. Hesabu ilimpiga chenga miaka yote, ila jiografia aliimeza nzima nzima. Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1977, na tarehe 10 Januari 1978 akaanza kazi katika shule ya msingi ya bondeni, ile iliyo karibu na mto. Alifundisha hapo miaka thelathini na tisa na ushee. Barua za uhamisho zilikuja mara tatu, na mara zote tatu alijua mlango wa kubisha ili zirudi zilikotoka.

Waliosoma kwake wanajua darasa lake lilivyokuwa. Aliwapandisha watoto juu ya madawati wakitazame kiti chake kutoka juu, akauliza, "Haya, mwewe anaona nini? Anaona miguu ya kiti?" Alikata viazi vipande vyembamba, akavizungushia penseli kimoja kimoja juu ya karatasi, mpaka mlima ukaonekana umelala bapa kama kwenye ramani. Safu za madawati alizipa herufi, na mistari akaipa namba, kila mtoto akaitwa kwa mahali alipokaa. Mzazi mmoja alikuja juu. "Mwalimu, mwanangu nikimwita jina lake haitiki! Anasema yeye ni B tano." Mwalimu Dira akamjibu kwa upole, "Mvumilie, mama. Wiki ijayo tunahamisha madawati, atapata jina jingine."

Tarehe 1 Desemba 1984 alifunga ndoa na fundi redio wa pale sokoni. Uchumba wao ulianza kwa kioja. Fundi aliuliza anakaa wapi, naye, badala ya kumwelekeza kwa mdomo, akamchorea ramani. Bwana huyo aliishika kichwa chini miguu juu, akatembea mchana kutwa, akaenda kubisha kwa shangazi yetu upande wa pili wa mji. Shangazi akamkaribisha, akamlisha, akamhoji hadi jina la babu yake. Alipofika kwetu jioni, posa ilikuwa imeshakubaliwa nusu. Walijaliwa watoto watatu: binti mwaka 1986, mvulana mwaka 1989, na binti mwingine mwaka 1992.

Hapa familia inaomba mtuvumilie. Marehemu mwenyewe alituagiza sehemu hii isirukwe.

Tarehe 19 Aprili 1995 mvua kubwa ilianza kabla ya adhuhuri, na shule ikawaruhusu watoto mapema. Binti yake wa kwanza alikuwa darasa la tatu hapo hapo. Alimfuata mama yake darasani akamkuta anabandua chati ukutani zisilowe. "Mama, twende." Mama akasema, "Tangulia na wenzio, nakuja." Wenzake walirudi shuleni walipoona maji yamepanda. Yeye alishika njia aliyozoea, njia ya daraja la mbao, kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua. Alipatikana kesho yake mchana. Alikuwa na miaka tisa.

Mwalimu Dira hakurudi kazini mwaka ule. Alikaa kitandani ameelekea ukuta, na mdogo wake alikuwa akimlisha kwa kijiko kama mtoto. Baada ya wiki nyingi alisema, "Mdogo wangu, mwanangu alijua kutaja mito mirefu ya dunia, yote, kwa mpangilio. Mto wa nyuma ya shule sikuwahi kumfundisha."

Januari 1996 alirudi. Siku ya kwanza hakugusa ubao. Aliwatoa watoto wote nje, akawaambia kila mmoja ahesabu hatua kutoka getini hadi kwao, kesho yake aje achore njia hiyo: mtaro uko wapi, daraja liko wapi, wapi panapanda, wapi panashuka. Walipomaliza akasema, "Vizuri. Sasa nichoreeni njia ya pili."

"Mwalimu, kwetu njia ni moja tu," mtoto mmoja akasema.

"Basi vaa viatu tukaitafute."

Alifanya hivyo kila mwaka, na kila darasa. Alitembea na watoto hadi machimbo ya kokoto yaliyo kilimani, akawavusha kwa nyuma, akawashusha upande wa pili. Wazazi walinung'unika kwamba watoto wanazururishwa. Mkaguzi aliuliza somo hilo limo ukurasa gani wa muhtasari. Marehemu akamjibu, "Halimo, bwana mkubwa. Ndiyo maana nalifundisha." Alipewa onyo la maandishi. Alilikunja akalitumia kuzibia dirisha.

Tarehe 14 Novemba 2006 mto ulifurika tena, kuliko mara ya kwanza. Siku hiyo marehemu alikuwa semina mjini. Habari ilipomfikia alitoka bila kuaga, akakimbia kwa miguu, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mvua inampiga usoni. Alikuta shule tupu na maji yako madirishani. Daraja halikuonekana. Akapanda machimboni akitambaa kwa mikono.

Aliwakuta wamejipanga mstari mmoja juu kule, wakubwa wamewashika wadogo mikono, walimu wawili wako nyuma. Msichana wa darasa la sita aliyetangulia mbele akamwambia, "Shikamoo mwalimu. Daraja limefunikwa, tumepita njia ya pili." Aliwahesabu mara mbili: mia mbili na kumi na wawili, hakupungua hata mmoja. Ndipo akakaa chini kwenye tope, akalia akiita jina la binti yake mbele ya watoto wote.

Watu walimsifu sana. Nyumbani alimwambia mumewe maneno haya tu: "Watoto wa watu wamefika wote, baba watoto. Wa kwetu je?" Mumewe alimshika mkono, wakakaa hivyo mpaka chakula kikapoa.

Alistaafu Juni 2017. Machi 2023 alianza kulalamikia tumbo, na vipimo vikaonyesha saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Aliyapokea majibu hayo kwa utulivu uliotushinda sisi. Wodini alihudumiwa na muuguzi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, mmoja wa wale mia mbili na kumi na wawili. Muuguzi huyo alimwogesha, akamgeuza, akamsuka nywele zilizobaki. Siku moja marehemu akamuuliza, "Ulikuwa na umri gani siku ile?" Akajibu, "Tisa, mwalimu." Marehemu akamwomba ainame, akamshika shavu, asiliachie.

Aliaga dunia tarehe 2 Septemba 2023, saa nne asubuhi, mdogo wake akiwa amemshika miguu kwa sababu alisema inaona baridi. Leo tunamlaza kando ya binti yake, kama alivyoomba.

Ameacha mume, ambaye juzi na jana na leo asubuhi ametenga vikombe viwili vya chai, na hatujapata moyo wa kukiondoa kimoja. Ameacha watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu wanne. Ameacha mdogo wake mmoja, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuishi duniani bila dada. Na ameacha watu wazima wengi, wengine wako hapa na watoto wao mgongoni, ambao walifika nyumbani.

Mungu ampokee, ampe pumziko na amani aliyoikosa miaka ishirini na minane.