Vitambaa Viwili Juu ya Boneti

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyinyi mliotoka mbali mkajikunja usiku kucha kwenye viti vya sebuleni, familia imemteua mdogo wake marehemu awasomee historia ya dada yake, naye amekubali kwa sharti moja tu, kwamba asome mambo kama yalivyokuwa, kwa sababu marehemu alichukia rangi iliyopakwa juu ya uchafu kuliko alivyouchukia uchafu wenyewe. Wengi wenu mmeliona lile gari la kale lililosimama hapo nje ya geti, limeng'arishwa, limefungwa maua kwenye vioo, na mmekuwa mkinong'onezana kwa nini jeneza halijapakiwa humo. Tangu juzi familia imevutana juu ya jambo hilo, upande wa mume ukitaka marehemu asindikizwe kwa gari ambalo mumewe alilihangaikia kwa mikono yake miwili, upande wetu ukishikilia neno aliloliacha dada akiwa na akili zake timamu, kwamba popote atakapopelekwa, asipelekwe na lile gari. Jibu mtalipata humu humu, mkivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita. Tangu alipoanza kushika kikombe alikuwa hanywi kabla ya kukinusa, na kikimkataa anakirudisha mezani kimya kimya bila kumtazama mtu, hata wageni wakaona haya na mama akatafuta pa kuweka uso. Baba alimpachika jina la Bi Pua, jina likamganda, na wapo humu ndani wazee ambao hadi leo hawamjui kwa jina jingine.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1978, kisha akajiunga na chuo cha afya, ambako alihitimu mwaka 1981, na tarehe 1 Februari 1982 akaajiriwa kuwa afisa afya, kazi yake ikiwa kukagua majiko ya hoteli, mikahawa, shule na hospitali, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu kwa heshima mwaka 2016. Wenzake mliopo hapa mnakumbuka alivyofanya. Hakuwa mtu wa kufoka. Aliingia jikoni, akasalimia, akafungua mkoba, akatoa kitambaa cheupe alichokifua na kukipiga pasi mwenyewe, akakipitisha pale ambapo mwenye jiko hapataki papitishwe, nyuma ya mpini wa mlango, chini ya ukingo wa meza, ndani ya mikunjo ya ule mpira wa mlango wa friji, halafu akamwonyesha mwenyewe kitambaa chake hicho. Kuna watu wazima, wenye hoteli zao na vitambi vyao, waliotokwa na jasho mbele ya kitambaa hicho.

Tarehe 20 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, ambaye wakati huo alikuwa karani wa bohari, kijana mpole, mtanashati, mwenye shati jeupe lililokaa sawa na kucha zilizokatwa, na dada alituambia wazi kwamba zile kucha ndizo zilizomnasa. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume mwaka 1988 na wa kike mwaka 1991. Kwa miaka saba ya mwanzo nyumba yao ilikuwa nyumba ya watu, ukiingia unavua viatu mwenyewe bila kuambiwa.

Mwezi Machi 1994, siku ya Jumamosi, shemeji alirudi nyumbani akivutwa kwa kamba, mbele lori la jirani linakohoa moshi, nyuma yeye ameshika usukani wa gari la kale lenye nyuma ndefu, anatabasamu kama bwana harusi. Alilinunua kwa mzee mmoja ambaye kwa miaka mingi alilifanya banda la kuku. Milango ilipofunguliwa ilitoka harufu ambayo dada, aliyekuwa ametoka kukagua machinjio wiki hiyo hiyo, alisema haijui. Kinyesi cha kuku kilikuwa kimeganda sakafuni tabaka juu ya tabaka, kiti cha nyuma kimetobolewa, na ndani ya kiti alikuwamo panya na watoto wake, wote wamekauka wakawa kama ngozi ya kiatu. Shemeji alimnyanyua panya kwa mkia, akamtupa juu ya ukuta, akajifuta mkono kwenye suruali, kisha akaingia jikoni kuomba chai.

Paa pekee lililoweza kulistiri gari hilo lilikuwa la baraza ya nyuma, ambayo mlango wa jiko unafungukia, na shemeji akaapa kwamba litakaa hapo wiki mbili tu mpaka apate mahali. Ndugu zangu, dada alipigwa kalenda. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa baada ya mvua, baada ya mvua ikawa watoto wakimaliza shule, na watoto wakamaliza shule, wakaoa na kuolewa, gari liko pale pale juu ya mawe. Lilipovuliwa bodi, bodi ilijaa barazani, na injini iliposhushwa ikaingia jikoni, kwa hoja kwamba vumbi la nje litaiharibu.

Msomaji wenu ataeleza machache, mengine atayaruka kwa ajili ya wanaotarajia kula baadaye. Kabureta ilichemshwa kwa magadi katika sufuria kubwa ya chai, ikasuuzwa, sufuria ikarudishwa mahali pake, na familia ikanywa petroli siku tatu kabla dada hajaelewa kwa nini chai inamkwaruza koo. Pistoni zilikaa kwenye sinia la kupembulia mchele. Fundi mmoja alimfundisha shemeji kwamba chuma kikipoa sana husinyaa, na kikipashwa moto hutanuka, hivyo beringi zikalazwa kwenye friza ubavuni mwa nyama, na chuma cha kuzipokea kikaingizwa kwenye oveni na grisi yake ya miaka thelathini, ikachuruzika, ikafuka, ikaganda kwenye kuta zote. Kesho yake oveni hiyo hiyo ilioka keki ya siku ya kuzaliwa ya binti. Bosi wa dada, aliyekuja kama mgeni, alitafuna taratibu, akauliza kwa adabu ni kiungo gani kilichotiwa, dada akamjibu bila kupepesa macho kwamba ni grisi, bosi akacheka sana akidhani ni utani, akaomba kipande kingine.

Na hapa ndipo panapotutia kichefuchefu sisi wengine hadi leo, kwamba shemeji hakuwa mchafu. Kila jioni akitoka kazini alivua lile shati jeupe, akalikunja vizuri, akalitundika chumbani mbali na doa lolote, ndipo akashuka jikoni kwa mikono mitupu kufanya aliyoyafanya. Akiulizwa alijitia hamnazo, akasema atasafisha yote kwa pamoja akimaliza, maana kusafisha leo na kuchafua kesho ni kupoteza nguvu. Dada alisugua, akasugua, akachoka. Tulipomuuliza kwa nini asiondoke, alisema mwanamume huyu hajawahi kumpandishia sauti, na kila alfajiri humchemshia maji ya kuoga, ingawa humchemshia katika sufuria ile ile, na yeye huyamwaga akishageuka.

Mwaka 2003 dada aliongoza ukaguzi wa jiko la hoteli kubwa kuliko zote katika eneo lake la kazi, akiwa na bosi wake, na wapishi wote wamejipanga ukutani na kofia zao. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akakikunjua mbele ya umati ule, na kitambaa kilikuwa cheusi kwa oili, kimekunjwa vizuri kabisa na alama za vidole vya mumewe, aliyekuwa amekichukua usiku kupimia oili kwenye injini, akakirudisha mkobani kwa sababu alifundishwa na mama yake kurudisha vitu vya watu. Mpishi mkuu alimwambia kwa upole kwamba labda wao waanze kumkagua yeye kwanza, na jiko zima likaangua kicheko. Dada alimaliza ukaguzi kwa kidole chake mwenyewe, akalifunga jiko lile kwa haki, maana lilistahili, akarudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue akakaa kwenye ngazi ya jikoni akashika tama hadi giza likaingia. Shemeji alimwomba radhi, akanunua vitambaa vingine, vya rangi ya bluu, akasema hivyo havionyeshi uchafu.

Mwaka 2018 dada alianza kusumbuliwa na maumivu ya tumbo, na vipimo vilionyesha kuwa ana saratani. Alipasuliwa, akaanzishiwa dawa, na dawa zile zilimfanya asistahimili harufu yoyote, sembuse ya petroli. Mwezi ule ule alioanza dawa, shemeji, ambaye naye alikuwa amestaafu, alianza kupuliza rangi barazani, akifanya haraka, akieleza kila mtu kwamba anataka mkewe awe wa kwanza kulipanda gari likiwa zima. Dada alihamia chumba cha mbele, akaziba upenyo wa mlango kwa taulo lililoloanishwa, akatapika humo ndani, huku nje mtu anampulizia zawadi. Majirani walimsifu mume kwa mapenzi, na hilo nalo lilimtapisha.

Gari lilimalizika mwezi Juni 2019. Hatutasema uongo, lilikuwa zuri, jeupe kama maziwa, viti vya ngozi vinanukia upya, injini inaunguruma kwa utaratibu, na shemeji amevaa lile shati lake, amemfungulia mlango mkewe, machozi yanamlengalenga. Dada aliletwa ameshikwa na binti yake, akasimama, akaomba mkoba. Akatoa kitambaa cheupe, akakipitisha nyuma ya mpini wa mlango, chini ya kiti, chini ya dashibodi, katika bawaba, na mwisho katika mikunjo ya mpira wa mlango, polepole, kama alivyofanya maisha yake yote ya kazi, na kitambaa kikatoka cheupe vile vile. Shemeji akacheka kwa furaha. Dada akatoa kitambaa cha pili, akaingia jikoni, akakipitisha kwenye mpira wa mlango wa friji, akarudi nacho kikiwa cheusi, akavitandaza vyote viwili juu ya boneti, kimoja ubavuni mwa kingine, akamwambia mumewe maneno matatu tu, kwamba kumbe kusafisha unajua. Kisha akaomba arudishwe kitandani. Hakulipanda gari siku hiyo wala siku nyingine, na jioni ile ndipo alipotuachia neno lake kuhusu kusafirishwa kwake.

Tarehe 14 Agosti 2019 hali yake ilibadilika, akapelekwa hospitali kwa teksi, na alfajiri ya tarehe 2 Septemba akafariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake.

Maneno yanayofuata yameongezwa asubuhi hii. Siku ile dada alipolazwa, shemeji aliingia jikoni, na kwa muda wote dada aliolazwa, akitoka hospitali, alikuwa humo, na ile miswaki ya kusugulia mikunjo ya gari, na sindano za kuchokolea, na sabuni. Ameng'oa oveni, ametupa sufuria, amebadili mpira wa friji, amekwangua ukuta hadi kwenye saruji. Dada hakuambiwa, maana shemeji alitaka aje aone mwenyewe akirudi. Leo, wakati wifi zake marehemu na sisi tukiendelea kubishana juu ya gari, shemeji alimletea msomaji wenu mkoba wa marehemu, akamwomba akague. Msomaji amekipitisha kitambaa kila mahali alipofundishwa na dada yake, kwa hasira, akitafuta, na kitambaa kimetoka cheupe. Wapo watakaoguswa na hilo. Msomaji wenu anasema kweli kwamba kinyaa kilimzidi, akalazimika kutoka nje kutema mate, kwa kuwa kazi ambayo dada aliiomba kwa miaka ishirini na mitano imechukua muda wa mtu mmoja kulazwa hospitalini.

Shemeji ameomba yeye mwenyewe itangazwe kwamba gari litabaki hapo lilipo, maua yataondolewa, jeneza litachukuliwa na gari la kukodi kama marehemu alivyotaka, na yeye atapanda basi pamoja nasi. Ameomba jambo moja, kitambaa cha leo kiwekwe mkononi mwa mkewe, na hilo familia imelikubali bila ubishi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa yule muuguzi aliyekubali kubadilisha shuka mara mbili kwa siku bila kununa, majirani waliovumilia moshi na kelele kisha wakatufungulia milango yao msibani, wafanyakazi wenzake marehemu, na wenye mikahawa ambao aliwahi kuwafungia na leo wamekuja kutuandalia chakula, wakiwa wamenawa mikono hadi kwenye viwiko.

Dada, Bi Pua wetu, jiko lako limekaguliwa, limepita, na wewe ndiye uliyestahili kuambiwa wa kwanza. Pumzika sasa kwa amani, mahali ambapo hutanusa kikombe kabla ya kunywa.