Barua za Jumatatu za Mzee Nguma Karisa

Jumatatu tarehe 14 Julai 2025, saa tatu kasorobo asubuhi, simu ya marehemu ilinipigia nikiwa kwenye kibanda changu cha mboga, Junda. Nilishtuka kabla ya kupokea, kwa kuwa baba hakuwa mtu wa kupiga simu. Masikio yake yalikuwa yamekufa; alituma ujumbe wa maandishi tu. Aliyezungumza alikuwa mwanamume nisiyemjua.

"Hii namba imeandikwa Mayo. Wewe ni mama yake mwenye simu?"

"Mimi ni binti yake."

"Tulimpigia honi, dada," akasema, na nikasikia analia. "Wallahi tulimpigia honi sana."

Marehemu Mzee Nguma Karisa Ziro alizaliwa tarehe 12 Machi 1963 hapa Jomvu Kuu, mtoto wa tatu wa marehemu Karisa Ziro na marehemu Sidi. Mimi, mwanawe wa kwanza ninayesoma maneno haya, nilipewa jina la bibi huyo, na kwa desturi yetu ya Kigiriama marehemu aliniita Mayo, yaani mama, tangu nikiwa mchanga. Aliniamini kama mtu anavyomwamini mamake. Naomba mlishike hilo, maana nitalirudia.

Alisoma shule ya msingi hapa Jomvu hadi mwaka 1978, akaingia sekondari, akaacha kidato cha pili baba yake alipofariki. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu wetu. Dada yake, shangazi Milcah, husema kuwa akiwa darasa la tano alikuwa akiwaandikia barua wanakijiji wasiojua kusoma, na asipopendezwa na maneno yao aliwaambia, "Hili siandiki, utajuta kesho."

Alivunja mawe kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1989 akaajiriwa katika uwanja wa shabaha wa watu binafsi, upande wa bara. Huko walikuja walinzi na wenye leseni za bunduki kujifunza kulenga. Alianza kwa kubandika karatasi za shabaha, akaishia kuwa mkufunzi. Kazi hiyo aliifanya miaka ishirini na saba bila kumjeruhi mtu hata mmoja. Wateja walipewa viziba masikio vya kufunika sikio zima. Wafanyakazi walipewa pamba.

Tarehe 7 Desemba 1991 alifunga ndoa kanisani na Dama Nyale. Mungu akawajalia watoto watatu: mimi, Gershom na Purity. Mama hakusoma, na baba alipoacha kusikia walizungumza kwa mikono na macho, wakagombana hivyo hivyo na wakapatana hivyo hivyo.

Ugonjwa ulianza mwaka 2009 kwa mlio kichwani, kama nyenje wa mchana wasionyamaza. Mwaka 2011 daktari alimwambia kwamba mishipa ya kusikia imekufa kwa mishindo ya bunduki na haitafufuka. Kufikia 2016 hakusikia hata radi. Alipewa mkono wa kwaheri, akarudi nyumbani. Sisi tukawa tunamwandikia kwenye daftari, naye anajibu kwa mdomo.

Hata hivyo hakuacha kuimba. Kanisani alisimama mstari wa mbele, na kwa kuwa hakusikia wenzake wakimaliza, ubeti wa mwisho alibaki peke yake. Mara ya kwanza watoto walicheka. Mchungaji akasema, "Mwacheni. Huyu haimbi ili tumsikie sisi." Tangu siku hiyo kanisa zima lilimngoja amalize ndipo likae.

Wengi wenu mnajua jambo lililoshika miaka yake ya mwisho, na wengine mlinong'onezana juu yake. Marehemu alitaka sheria ilegezwe kuhusu kile chuma kinachofungwa mdomoni mwa bunduki kupunguza mshindo. Aliomba viwanja vya shabaha na wenye leseni waruhusiwe kukitumia, kiandikishwe kama bunduki yenyewe inavyoandikishwa, ili waliobaki kazini wasipoteze masikio. Alipoulizwa, alisema: "Bodaboda isiyo na sailensa inakamatwa. Bunduki yenye sailensa inakamatwa. Basi mniambie, masikio yetu yana kosa gani?" Kwa maneno hayo polisi walikuja nyumbani mara mbili, na majirani fulani wakaacha kutusalimia.

Tarehe 19 Februari 2024 kulikuwa na kikao cha kupokea maoni ya wananchi, na mheshimiwa mmoja, ambaye familia imeomba asitajwe, alikuwa mwenyekiti. Marehemu alisoma barua yake akiwa amesimama wima. Alipomaliza, mama mmoja wa makamo, Bi Salme, aliinuka.

"Kaka yangu, nakuheshimu, na masikio yako yananiuma. Lakini mwanangu alipigwa risasi mtaani. Huku kwetu ule mlio ndio hutuambia tufunge milango. Ukipunguzwa, tutajuaje?"

Neno hilo lilikuwa la haki, na baba angelijibu kwa heshima kama angelisikia. Lakini nyuma mtu akapaza sauti, "Mzee anataka tuuawe kimyakimya!" Ukumbi ukaangua kicheko. Mheshimiwa naye akacheka, akasema, "Mpelekeni babu akapumzike. Hii barua haifiki popote. Mwingine!"

Baba alinigeukia, akanipa daftari. "Wamesemaje, Mayo?"

Niliandika: Mheshimiwa ameipokea. Amesema ulete barua ofisini kwake kila Jumatatu mpaka ajibu.

Alivua kofia, akaweka mkono kifuani, akawashukuru wote waliokuwa wakimcheka.

Nilidhani atakwenda mara moja, mbili, kisha achoke. Sikumjua baba yangu. Alikwenda kila Jumatatu, mwaka mmoja na miezi mitano. Jumapili jioni alipiga pasi shati jeupe na kuandika barua mpya, kila wiki na hoja mpya. Hata hofu ya Bi Salme aliijibu, baada ya mimi kumwandikia kuwa kuna mama aliuliza: akaeleza kwamba chuma kile hakiui sauti yote, na akapendekeza adhabu kali kwa atakayekutwa nacho bila kibali. Mara mbili nilishika kalamu nimwambie ukweli. Mara zote mbili niliona lile shati limetundikwa mlangoni, nikaiweka kalamu chini.

Siku ile alikuwa akienda huko. Kando ya barabara kuu, Changamwe, trela lilikuwa likirudi nyuma. Dereva alipiga honi, utingo akapiga kelele na kugonga bodi. Baba alikuwa amelielekezea mgongo, bahasha kwapani. Alifariki njiani akipelekwa hospitali, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili. Familia haina kinyongo na dereva. Alisema kweli, honi ilipigwa.

Jumatano alikuja matangani binti aitwaye Lavender, mpokezi wa ofisi ile, na barua zote za baba ndani ya mfuko. Kila moja ina muhuri wa kupokelewa. "Hakuna aliyewahi kuniomba hata moja," alisema. "Niligonga muhuri kwa sababu alifurahi kuuona. Nisameheni." Nilimwambia kuwa si yeye wa kuomba msamaha kwanza. Kaka Mohdhar, aliyerithi kazi ya baba uwanjani, alikuwa kando yetu. Ilibidi niyarudie hayo mara tatu ndipo akasikia. Kisha akauchukua ule mfuko, akasema, "Jumatatu nitazirudisha mimi."

Marehemu ameacha mjane, Dama, watoto Sidi, Gershom na Purity, wajukuu wanne, dada yake Milcah, na kanisa litakaloona pengo mstari wa mbele.

Alhamisi tulikwenda mochari kumvisha. Tulimvisha lile shati jeupe. Purity alikuwa amelipiga pasi. Nilichana karatasi kwenye daftari, nikaandika: Baba, mheshimiwa hakusema hivyo. Walicheka. Nilikudanganya kwa sababu nilikuonea huruma, na uongo wangu ndio uliokupeleka barabarani. Nisamehe. Mayo. Nikaikunja, nikaitia kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo.

Mama aliniuliza, "Umemwandikia nini?"

"Ukweli, mama."

Alinyoosha kola ya shati lile. "Basi funga kifungo," akasema, "huo ukweli usianguke."

Nilifunga kifungo. Mama akamfuta paji la uso kwa leso yake, akamweka mikono sawa, na tukatoka nje wanaume wafunike jeneza. Mungu amjalie baba yetu utulivu ambao masikio yake hayakuupata duniani. Amina.