Bunduki ya Cubaka Iliyokaa Koponi

Mjane, Mama Gentille, ameomba kitu kimoja kabla ya maneno haya kusomwa: mumewe asigeuzwe malaika kwa sababu tu amelala kwenye sanduku. Alikuwa mtu mwema, alikuwa mtu wa Mungu, na alikuwa anachosha. Amesema yote matatu yasomwe, na mdogo wa marehemu, Mugisho, atayasoma.

Marehemu Cubaka Methodi alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 huko Walungu, Kivu Kusini, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Methodi na mama Rozina. Redio ya kwanza kuingia kwa mzee Methodi aliifungua siku hiyo hiyo, akiwa bado hajaanza shule. Ilirudi kuimba baada ya viboko na majuma mengi, na skrubu mbili zikabaki nje. Mpaka leo hakuna anayejua zilikuwa za wapi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Walungu, kisha shule ya ufundi Bukavu, ambako alihitimu umekanika mwaka 1986. Alifungua kibanda mtaa wa Kadutu, hapo hapo Bukavu, akitengeneza redio, saa na cherehani. Wateja walilalamika kwamba anachelewa. Hakuna aliyelalamika kwamba ameharibu.

Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na Charlotte Nzigire. Walijaliwa watoto watatu: Gentille, Patricia na Gaël. Mwaka 1998 vita viliwatoa nyumbani, na njiani, kabla ya kufika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, Tanzania, watu wenye bunduki walimuua Nyarugabo, kaka wa Nzigire, mbele ya macho ya dada yake huyo. Hilo litasemwa mara hii moja tu, maana bila hilo hamtaelewa yanayofuata.

Familia ilifika Louisville, Marekani, tarehe 18 Juni 2013, ikapanga nyumba mtaa wa South End. Marehemu alipata kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala. Mwezi wa nne mwaka uliofuata, jirani mmoja alihama akaacha takataka zake kando ya barabara. Watu wengine huokota kiti. Cubaka aliingia nyumbani na bunduki.

Ilikuwa ya mchezo, zile ndefu za wadunguzi zenye darubini juu, zinazotema vipira vya plastiki kwa nguvu ya hewa. Ilikuwa mbovu: ukivuta nyuma bolti, kile kishikio cha kuikoki, haishiki, inarudi yenyewe. Lakini Mama Gentille, aliyekuwa akikoroga sombe, mboga ya majani ya mihogo, hakuona plastiki. Aliona bunduki, na mwiko ukamtoka mkononi.

"Baba Gentille! Nilikimbia hii kitu toka Walungu mpaka Kigoma, na weye unaniletea yingine mu salon?"

"Mama Gentille, ni ya watoto kuchezea."

"Donc watoto wa hapa wanachezea kifo? Siku hii kitu itakuwa bunduki mu nyumba yangu, mi ninaenda. Unasikia? Ninaenda!"

Marehemu alimtazama, akatafuta bisibisi. "Bon," akasema, "mu nyumba yako haitakuwa bunduki hata siku moja." Akaanza kuifungua pale pale mezani. Alipolegeza silinda, springi ikaruka, ikagonga dari, ikatua kwenye sufuria ya sombe. Chakula cha siku hiyo kililiwa kwa maombi.

Alipoulizwa na binti yake Gentille kwa nini aokote kitu kama hicho, yeye kati ya watu wote, alijibu: "Nimekimbia hii kitu maisha yangu yote. Acha siku moja nione ndani yake kuna nini." Kilichokuwa ndani ni springi, pistoni na vipira. Alisema alitegemea kikubwa zaidi.

Na hapo ndipo mateso ya mjane yalipoanza. Vipande vilihamia kwenye kopo la biskuti, kopo likahamia katikati ya meza ya kulia, na kila Jumamosi vilitandazwa juu ya taulo jeupe la wageni. Mafuta yakaingia kwenye taulo. Mpini wa sufuria nzuri ukapotea. "Baba Gentille, maliza! Maliza hiyo kazi yako uipe mtu, tukule kama watu!" Na yeye, bila kuinua kichwa: "Niko natengeneza."

Mwezi wa tano 2015 walihamia Whitehall, pale Columbus, kwa ajili ya kazi ya kiwandani. Gari lilijaa, ikabidi kinu cha kutwangia sombe kiachwe Louisville. Kopo la biskuti lilisafiri mapajani mwa marehemu kama mtoto mchanga. Mama Gentille hakumsemesha mpaka wakavuka mto, na baada ya mto alimsemesha sana.

Huko Whitehall bomba la jikoni lilianza kuvuja, na mpira wake haukuonekana. Mapazia yalifungwa kila Jumamosi, maana Mama Gentille alishahesabu hatari: mtu mweusi dirishani na kitu chenye umbo lile, nani atauliza kama ni plastiki? "Watakuua kwa ajili ya kitu ambayo haipige hata panya!" alimwambia. Marehemu alijibu kwamba mtutu ukiwa umetengwa na vipande vingine, atakayeuona ataona bomba tu.

Figo zake zilianza kushindwa mwanzoni mwa 2016, na mwezi wa tatu walihamia Buffalo, karibu na Gentille anayefanya kazi ya kuhudumia wazee. Siku ya kwanza ya kusafishwa damu, marehemu alimuuliza muuguzi ile mashine inafunguliwa kwa bisibisi gani. Mkewe alitamani sakafu ipasuke immeze. Aliendelea na matibabu kwa subira, na Jumamosi alipopata nguvu alikaa na kopo lake. "Hata sasa?" mkewe aliuliza. "Hata sasa hutamaliza?" Alimjibu yale yale: "Niko natengeneza." Alifariki Jumapili tarehe 2 Oktoba 2016, asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Jumatano, matanga yakiendelea, alifika Venance, Mtanzania aliyefanya naye kazi Columbus. Mama Gentille alimsukumia kopo. "Shemeji, toa hii takataka. Amekufa hajaimaliza."

Venance alitandaza vipande mezani, akavipitia kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa kimefutwa, kimepakwa mafuta, kimefungwa kitambaa. Kikulabu kinachoshika pistoni kilikuwa kipya, kimechongwa kwa tupa kutoka kwenye mpini wa sufuria. Mpira wa bomba ulikuwa kwenye pistoni.

"Shemeji, hii imepona zamani," alisema. "Ni kuunganisha tu, hata chai haitapoa. Mwaka jana nilimwambia aje kwangu tuiunganishe, tuipige hata mara moja. Akakataa. Akasema alikuahidi haitakuwa bunduki hata siku moja."

Mama Gentille alikaa chini. Ahadi ile alikuwa ameisahau. Alichokumbuka ni meza chafu tu. Alilia, kisha akamtukana marehemu kwa Mashi, lugha ya kwao, kwa kukaa kimya, kisha akalia tena. Venance alipotaka kuondoka na kopo, alimshika mkono. "Acha," alisema. "Acha vile vile." Tangu siku hiyo anakula kwenye meza ile, sahani pembeni ya kopo.

Marehemu ameacha mjane, Charlotte Nzigire, watoto, Gentille, Patricia na Gaël, wajukuu wawili, na mdogo wake, Mugisho. Ameacha pia skrubu mbili za redio.

Mjane ameomba neno la mwisho liwe lake, nalo ni hili: Baba Gentille, umemaliza. Pumzika kwa amani, na huko unakokwenda usifungue kitu mpaka nifike.