Klara Mwigulu na Maneno Elfu Nne

Wasikilizaji wapendwa, mlioko Tinde, Bugarama, na hata Masumbwe, leo tumekaa pamoja kwa ajili ya Klara Mwigulu, Mama Thobias, fundi wa kompyuta, aliyezikwa huko Masumbwe Jumanne iliyopita. Klara ametutoka akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Tunamlilia, naam. Lakini tunamsimulia kwa fahari, kwa sababu alishinda.

Kabla ya kushika bisibisi, Klara alishika karai. Kwa miaka kumi na miwili aliosha marudio kule Bugarama, yaani mchanga ambao wengine wamekwisha kuuosha, wakachukua dhahabu yao, wakautupa. Anayeosha marudio haamini "hakuna" ya mwenzake mpaka aoshe mwenyewe. Baadaye alisomea ufundi Shinyanga mjini, akafungua kibanda Masumbwe, na tabia hiyo akaja nayo.

Miaka minne iliyopita, mwalimu mstaafu Enock alimletea kompyuta ya miaka ya tisini, nzito kama mfuko wa saruji. Ndani yake mlikuwa na maneno elfu nne ya Kisumbwa, aliyoyakusanya kwa miaka kumi na tisa. Maneno elfu nne, wasikilizaji, na nakala nyingine haipo. Wengi waliompa maneno hayo wamekwisha kufa. Macho yake mwenyewe yalikuwa yameingia giza. Na kompyuta haiwaki. Mafundi wawili walikwisha kusema imekufa.

Nyuma yake aliingia Charles, mnunuzi wa vifaa vibovu. Ndani ya mashine kuukuu mna dhahabu kidogo, na Charles aliijua.

"Shikamoo, mayu," alisema, yaani mama, mkono tayari uko juu ya kasha.

"Marahaba. Ondoa mkono."

"Mayu, hiyo ni maiti. Niachie nikaikamue dhahabu yake."

"Wewe Charles, ukimkuta ng'ombe amelala, unaanza kumchuna?"

Mwalimu Enock alicheka. "Klara mwanangu," akasema, "Jumamosi asubuhi, kama haijawaka, mpe. Nimechoka kuisubiri."

Zilikuwa zimebaki siku nne.

Klara akaiwasha. Skrini nyeusi. Milio mitatu. Akarudia. Milio mitatu. Binti yake, Martina, anakumbuka: "Mama alifurahi kweli. Alisema, 'Maiti haipigi kelele.'"

Milio mitatu ilikuwa lalamiko la kumbukumbu. Alichomoa vile vibao vyembamba vinavyoitunza. Kingo zake zina utando wa dhahabu, ile ile aliyoitamani Charles, na uchafu ulikuwa umeifunika. Klara akazisugua kwa ufutio wa penseli, polepole, akavirudisha. Skrini ikawaka! Lakini ikaandika kwamba haioni diski. Na maneno yote yalikuwa kwenye diski.

Mashine ya umri ule, betri yake ndogo ikifa, husahau diski yake. Fundi huiandikia upya namba tatu zilizo kwenye lebo ya diski. Betri mpya Klara aliifuata Kahama, ikamla siku tatu. Kisha akasoma lebo. Namba ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Ya tatu ilikuwa na tarakimu mbili: tatu, kisha shimo. Mende walikuwa wamekula karatasi.

Basi alfajiri ya Jumamosi Klara akaanza kuosha marudio, namba moja baada ya nyingine. Thelathini: kimya. Zima, ngoja, washa. Thelathini na moja: kimya. Jua lilipochomoza mwalimu alikuwa ameketi kibandani, na mkokoteni wa Charles uko mlangoni. Thelathini na saba: kimya.

"Mayu, tupakie?" aliuliza Charles.

"Ngoja."

Thelathini na nane. Diski ikakoroma.

Mwalimu Enock akasimama wima. "Huo! Huo ndio mlio wake!"

Martina akasoma neno la kwanza lililotokea. Kabla hajaifikia maana, mwalimu akaitamka mwenyewe: mvua ndogo inayotangulia msimu wa kupanda. "Neno hilo alinipa mama mdogo Paskazia," akasema, machozi yakimtiririka, "akimenya karanga."

Charles akavua kofia. "Umeniharibia biashara, mayu," akasema, na akapiga makofi kuwashinda wote.

Maneno elfu nne yalinakiliwa siku ile ile. Halikupotea hata moja. Leo yamo katika kitabu, na kitabu hicho kilikuwa juu ya meza ya msiba. Mwalimu Enock aliwaambia waombolezaji: "Mimi nilikusanya mara ya kwanza. Klara alikusanya mara ya pili."

Thobias, Martina, na ukoo mzima, poleni sana. Mama yenu apumzike kwa amani.

Nasi tuliobaki tujiulize: kile tulichoambiwa kimekufa, tumekisikiliza wenyewe? Kompyuta ile ingali Masumbwe. Ubavuni Klara alibandika lebo mpya, namba zote tatu kwa wino mzito, na ya mwisho, thelathini na nane, akaizungushia duara. Alitaka atakayekuja baada yake asianzie thelathini.