Pipa la Nili la Mwalimu Luo Chengxiu

Mwalimu Luo Chengxiu alizaliwa tarehe 9 Machi 1964 kijijini Banwan, mkoani Guizhou, mtoto wa kwanza wa Mama Cen Aixian, mtia nguo rangi. Mimi mdogo wake nimepewa kusoma haya, nami nayasoma kifua mbele.

Alisoma Banwan, kisha chuo cha ualimu Anshun, akahitimu mwaka 1985. Tarehe 1 Oktoba 1988 aliolewa na shemeji yetu Wei Mingde. Kwetu binti huondoka na ndoo ya nili, rangi ya bluu ya kutilia nguo, kutoka pipa la mama yake. Yeye aliondoka na sanduku la vitabu, na Mama akanuna mwaka mzima.

Alifundisha chuo kikuu tangu 1991. Mwaka 2020 somo la kazi lilipoletwa, wanafunzi walipewa mifagio. Marehemu akaomba wafundishwe kutia nguo nili.

"Hayo ni mambo ya bibi zetu, Mwalimu," mkuu wa idara alisema. "Hapa tunafundisha kazi."

"Kwani bibi yako alikulea kwa hadithi?"

Akapewa muhula mmoja tu. Wakaguzi wasiporidhika, mifagio irudi. Ndipo akaenda kumwomba Mama ile ndoo ya harusi.

"Umechelewa miaka thelathini na miwili," Mama alisema. "Chukua uanzishe pipa lako, ila ulilishe." Nili hulishwa pombe ya mchele na maji ya majivu kila siku, ikilala njaa, hufa.

Siku mbili kabla ya ukaguzi, darasa lilimwita kwa furaha. "Mwalimu, tumelisugua pipa kwa sabuni. Lilikuwa linanuka."

Jamani, nili yote ilikufa; mifagio ilishawaingia damuni. Hakuwagombeza. Aliwapakia basini wote ishirini na sita hadi Banwan.

"Nani kashika sabuni?" Mama aliuliza. Msichana mmoja, Ban Xiaohe, akanyoosha mkono. "Basi wewe ndiye utakayelilisha pipa jipya."

Wakaguzi walilifuata darasa kijijini, wakalikuta na mikono ya bluu hadi viwiko. Somo likabaki, na lipo hadi leo.

Aliugua ini Februari 2024. Hospitalini, kila asubuhi alimuuliza Xiaohe, ambaye sasa alikuwa msaidizi wake, neno moja: "Limekula?" Alifariki tarehe 17 Novemba, alfajiri, kabla hajauliza.

Ameacha Mama, mume, binti yake Wei Qianyu, sisi wadogo zake wawili, na wale waliosimama kule nyuma na mikono yao ya bluu.

Dada, Xiaohe ameniomba nikujibu mbele ya watu. Limekula. Sasa pumzika kwa amani.